Mkwe Anayeruka Chumbani

Aprili 27

Daktari kaniambia niandike presha yangu kila asubuhi. Nimejaribu siku chache, nikaona namba peke yake hazina utamu. Basi nitaandika na mengine, maana nyumba hii yetu ya Bishkek ina mambo.

Mwanangu Tilek amepiga simu kutoka Moscow anakofanya kazi. Atakuja Julai, atatupeleka sote mapumzikoni ziwani, kwenye mji wa Cholpon-Ata, mimi, mkewe Meerim na mjukuu wangu Aidai. Tangu aondoke ni zaidi ya mwaka. Nililia kwa furaha. Meerim hakulia. Alisema "vizuri", akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Muda si mrefu nikasikia kishindo, tena kishindo. Nikagonga. "Unafanya nini humo?" Akajibu, "Naruka, Mama."

Sasa mtu anaruka nini ndani ya chumba?

Aprili 30

Presha juu. Leo ni Alhamisi, nimekaanga maandazi ya kumkumbuka marehemu mume wangu, harufu imfikie huko aliko. Meerim alimega kipande kidogo kama ukucha, akakigusisha mdomoni, akakirudisha sahanini. Maandazi ya baba mkwe wake! Nikamuuliza kama siku hizi marehemu anamkera. "Hapana, Mama. Nataka kupungua kabla ya kwenda ziwani." Apungue nini? Alikuja hapa mwembamba, akazaa, akawa mtu. Mimi si mtu wa kushuku watu, lakini mwanamke ambaye mume wake hayupo akianza kujitazama kwenye kioo, mama mkwe anafungua macho.

Mei 3

Leo nimesikia sauti ya mwanamume chumbani kwa Meerim.

Nilikuwa napita tu na ndoo. Sauti ikasema, "Hivyo hivyo, mrembo. Shuka chini zaidi. Usiniangushe sasa." Moyo ukanipasuka. Sikugonga, nilisukuma mlango kwa bega. Meerim alikuwa amechuchumaa juu ya zulia la sufu alilotengeneza mama yangu kwa mikono yake, chupa ya maji kila mkono, jasho linamtiririka puani. Simu imeegemezwa dirishani. Ndani ya simu kijana mwenye suruali ya kubana anaonyesha meno yake yote.

"Huyu nani?"

"Mwalimu wa mazoezi, Mama. Yuko ndani ya simu tu."

"Na anakuita mrembo?"

"Anawaita watu wote mrembo, Mama. Hata wewe ukisimama hapa atakuita."

Nikasimama. Kweli akaniita. Nimeondoka, lakini sijaridhika.

Mei 6

Watu wa jiji wamekata maji ya moto, kama kila mwaka, watengeneze mabomba. Meerim anaruka, kisha anaoga kwa maji baridi. Haya si mapenzi ya afya. Kuna kitu.

Mei 9

Nina hasira, daktari atanisamehe mwandiko huu.

Asubuhi Meerim alinimiminia chai ikajaa bakuli hadi ukingoni. Mimi! Kwangu! Sisi hatujaziani bakuli. Unamiminiwa kidogo, unakunywa, unaongezewa, unazungumza, unaongezewa tena, ndiyo maana ya kuketi na watu. Anayejaziwa ameambiwa anywe ashike njia. Mkwe anajua hilo kabla hajajua kupika. Nikamwambia, "Meerim, unanifukuza kwenye fleti aliyoniachia mume wangu?"

Uso ukampauka. "Mama, nisamehe, birika limeniponyoka. Mikono haina nguvu. Zile chupa." Akaimwaga ile chai, akamimina nusu, akanipa kwa mikono miwili huku ameinama. Nimeinywa, lakini chai niliyojaziwa ndiyo iliyonikaa tumboni.

Mei 10

Mvua. Presha juu.

Mei 15

Bi Zoya wa ghorofa ya chini amepanda kwetu na mkongojo wake. Ni Mrusi, mjane kama mimi, tumeishi naye tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Taa yake ya dari inacheza kila Meerim anaporuka. Siku zote hugonga bomba kwa kijiko, leo kaja mwenyewe.

"Anarkan, huyu mkwe wako anafanya nini huku juu? Anafunza farasi?"

Nikamweleza. Akanywa chai, akaongezewa, akanitazama kwa lile jicho lake moja linaloona. "Shoga yangu, mwanamke hakondi kwa ajili ya mume aliye mbali. Anakonda kwa ajili ya aliye karibu."

"Zoya, koma."

"Nimekoma. Lakini mkate hali, mlango anafunga, simu anailaza kifudifudi. Mimi sina jicho la pili ila hayo nimeyaona."

Amekwenda zake, kaniachia maneno. Nimekaa nayo mchana kutwa. Siogopi aibu, aibu inapita. Ninachoogopa ni kwamba akipata mtu ataondoka, na akiondoka Aidai atalia kumfuata mama yake. Sisi tunasema mtoto ni wa ukoo wa baba. Lakini baba yuko Moscow, na mimi nina presha. Nitabaki na nani kwenye vyumba hivi? Na Zoya?

Mei 17

Nimepata njia. Siwezi kumlinda nikiwa nje ya mlango, basi nimeingia ndani. Nimemwambia Meerim eti daktari kasema ninyooshe viungo. Hakusema. Meerim akanipa chupa mbili ndogo za Aidai.

Nimechuchumaa nikishika kitasa cha mlango. Kushuka nilishuka. Kuinuka, Meerim alinivuta na Aidai akanisukuma kwa nyuma akiimba. Yule kijana wa kwenye simu kasema, "Safi sana, mrembo." Mwongo mkubwa.

Mei 18

Sikuweza kukaa chooni.

Mei 21

Bado.

Mei 26

Jua zuri. Nimeyatoa magodoro na mafarishi niyaanike roshani. Katikati ya mafarishi, yale ya sherehe ambayo hayaguswi mpaka waje wageni, nimekuta kifuko. Ndani yake nguo ya kuogelea nyekundu. Nyekundu ya pilipili, na mgongo wake ni kamba tu.

Ningemkuta nayo kabatini ningesema ni nguo. Lakini kaificha. Mtu anamfichia nani nguo ambayo atavaa mbele ya ziwa zima? Nimeirudisha ilipokuwa. Jioni tumefanya mazoezi bega kwa bega, tukihesabu pamoja kwa sauti, na kila hesabu namuuliza moyoni: ni nani? Ni nani? Ni nani?

Juni 5

Miti ya mipopla imeanza kumwaga manyoya yake meupe, yanaingia puani, kwenye chai, kitandani. Zoya anapiga chafya, nyumba nzima inasikia.

Tilek amepiga simu ya video. Alhamdulillahi, amenona! Shavu limejaa, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Wanaishi vijana sita chumba kimoja na kula tambi za pakiti, ndivyo anavyosema, lakini mwili hauonyeshi dhiki. Nyuma yake nimeona pazia la maua lenye marinda. Nimefurahi kwamba vijana wa siku hizi ni wasafi. Nikamwambia Meerim, "Mtazame mumeo alivyopendeza." Akatazama kidogo, akaenda jikoni. Nilimfuata. Alikuwa anachuchumaa na kusimama, anachuchumaa na kusimama, mbele ya jiko, bila chupa, bila yule kijana, amefumba macho. Mume anazungumza, yeye hataki kuonekana! Nimeandika ili nisisahau.

Juni 8

Joto. Meerim kala tango moja kutwa nzima.

Juni 12

Presha sikupima. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Meerim alianguka jikoni. Alikuwa anakata vitunguu, kisu kikalia chini, naye akakifuata. Nikamlaza, nikamfungua shingo, nikampaka maji usoni. Uso umekuwa kama unga. Aidai analia, "Mama amekufa, mama amekufa." Nikampeleka mtoto kwa Zoya. Nilipopanda ngazi kurudi nilikuwa nimeshamaliza hesabu zote kichwani. Mlango unafungwa, nguo nyekundu, simu kifudifudi, chakula kinamkinai, na sasa anaanguka. Nimezaa, najua wanawake huanguka kwa nini.

Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea jiko. Sikumuuliza hali. Nilimuuliza, "Ni ya nani?"

"Nini, Mama?"

"Usinizungushe. Mume wako hajakanyaga hapa mwaka na zaidi. Mimba ni ya nani?"

Akanitazama. Kisha akacheka. Alicheka kicheko kibaya, akishika tumbo, mpaka kikageuka kilio, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikasimama na kile kitambaa cha maji mkononi, sijui nimpige nacho au nimfute.

"Sina mimba, Mama. Nina njaa."

"Basi kula! Nani kakukataza?"

Ndipo aliposema. Mwezi wa Machi, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya ya Nooruzi, alikuwa anazungumza na Tilek, na mwanamke akaita kutoka nyuma, "Tilek, supu inapoa." Aliita kama mtu wa nyumbani, kama ninavyomwita mimi. Tilek akasema ni mke wa mwenzake amekuja kuwatembelea. Simu ya video iliyofuata akaliona lile pazia, na juzi likawepo tena.

"Uliliona na wewe, Mama. Ukasema vijana ni wasafi."

Nikakikamua kile kitambaa.

"Nikajitazama kwenye kioo," akasema. "Nikasema labda ni mimi. Nilipoolewa nilikuwa mwembamba. Nikasema akija ziwani anione kama siku ile, huenda akakumbuka. Nilinunua na nguo. Nimeona haya hata kuivaa peke yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, Mama? Wewe ni mama yake. Ungesema namsingizia, kisha ungesema niende kwetu Naryn, niache mtoto."

Nikamwambia Meerim kwamba mwanangu hawezi kufanya hivyo. Nilisema kwa ukali, nikasema mdomo wa mtu mwenye njaa huropoka. Akainamisha kichwa. Nikaenda chumbani kwangu, nikafunga mlango, safari hii mimi.

Nimekaa humo mpaka sasa. Naliona lile pazia. Naiona ile kola. Mwanangu hajui kushika pasi, nilimpigia mimi mpaka siku aliyooa, na baada ya hapo akapigiwa na Meerim. Pasi ile kashika nani?

Juni 13

Nimemkaangia mayai na viazi. Nimekaa mbele yake mpaka sahani ikaisha. Jioni akaegemeza simu dirishani, nikachukua chupa zangu. Mlango tumeuacha wazi.

Juni 19

Tilek kapiga. Nikamwambia, "Mwanangu, geuza simu nione jikoni kwenu, nijue mnapikaje."

"Mtandao mbovu, Mama."

"Huo mtandao mbovu mbona unakuonyesha meno vizuri?"

Akacheka. Ukakatika.

Juni 20

Presha juu, na leo najua sababu.

Juni 28

Ninainuka kutoka kuchuchumaa bila kushika kitasa. Nimemwita Zoya aje aone. Kasema katika jengo zima hakuna wazimu mkubwa kuliko huu, kisha akauliza kama kuna chupa ya tatu. Nilimwambia kwamba alimkosea Meerim. "Nilisema wanawake hukonda kwa ajili gani," akajitetea, "sikusema Meerim." Nikampa chupa, apunguze maneno.

Julai 9

Cholpon-Ata. Tumepita mji wa Balykchy, Aidai kala samaki wa moshi kajipaka mpaka nyusi. Tumepanga vyumba viwili kwa mama mmoja mwenye bustani ya matunda ya aprikoti, yameiva, yanaanguka juu ya bati.

Tilek alitukuta hapa, kaja kwa ndege. Nilimkumbatia nikalia, kwa sababu ni mwanangu na nimemkosa, liwalo na liwe. Ana kitambi. Kitambi hicho hakitoki kwenye tambi za pakiti, hicho kimepikiwa. Alimrusha Aidai juu, akamshika Meerim begani, akamtazama juu hadi chini.

"Umekonda. Unaumwa?"

Miezi yote ile. Matango yote yale. Meerim akasema, "Hapana, naendelea vizuri," akaenda kuweka chai.

Julai 11

Leo tulishuka ufukweni. Meerim alivaa ile nguo nyekundu, juu yake kajifunga taulo. Aliliachia taulo mara moja, akamgeukia mumewe. Alikuwa mzuri, nasema kweli, na hata mama mkwe anaweza kusema kweli. Tilek alikuwa anatazama simu. Akainuka, "Nakuja," akaenda nyuma ya vile vibanda vya kubadilishia nguo.

Nilimfuata. Sikuficha hatua zangu, magoti yangu sasa yanakwenda vizuri. Alikuwa amenipa mgongo, anazungumza kwa ile sauti ya chini ambayo baba yake alinisemesha nayo tulipokuwa wachumba. "Umekula? Usibebe vitu vizito, ngoja nije."

Nikasubiri amalize. Alipogeuka, nikamuuliza, "Ni lini?"

Hakukataa. Tilek hajawahi kujua kudanganya ana kwa ana, ndiyo maana alikwenda kudanganya mbali. "Mwezi wa kumi, Mama."

Kwa hiyo lile swali la mimba nililomuuliza Meerim sakafuni, nilimuuliza mtu asiyehusika.

Tuliketi kwenye mchanga. Akanieleza kwamba maisha ya kule ni magumu, kwamba wengi wanaishi hivyo, kwamba atazihudumia nyumba zote mbili. Kisha akanishika mkono. "Mama, wewe zungumza na Meerim, anakusikia. Mwambie avumilie. Akiondoka yeye, nani atakutunza? Nani atakupikia? Mimi siwezi kurudi."

Niliutazama mkono wake juu ya mkono wangu. Alikuwa anasema kweli. Nina miaka mingi na presha. Sentensi moja tu kutoka kwangu, "Vumilia, mwanangu, ndivyo wanaume walivyo," na Meerim angebaki, angenimiminia chai mpaka nife, na Aidai angekua machoni pangu. Nilichokiogopa tangu Mei kilikuwa mkononi mwangu kukizuia.

Nikamwambia nitafikiri.

Usiku huu nafikiri. Meerim yuko upande wa pili wa ukuta. Haruki, hasogei.

Julai 12

Asubuhi tuliketi barazani, sote wanne. Mkate, malai ya maziwa, jamu ya aprikoti. Tilek aliketi mahali pa heshima, akanitazama, akaashiria kwa nyusi: umezungumza naye? Meerim alikuwa karibu na birika. Nilijua ameshajua bila kuambiwa. Macho yalikuwa yamevimba.

Nikasema, "Lete birika hapa, mwanangu."

"Mama, mimi ndiye ninayemimina."

"Leo namimina mimi."

Nikachukua bakuli la Tilek. Nikamimina. Ilipofika nusu, akanyoosha mikono kupokea. Sikuacha. Nikamimina mpaka ikafika ukingoni, ikasimama pale inatetemeka, nikamimina tena kidogo ikamwagikia kitambaa. Kisha nikamwekea mbele yake.

Aprikoti likaanguka juu ya bati. Tilek aliitazama ile chai. Anaweza kuwa ameishi Moscow, lakini amelelewa kwangu.

"Mama?"

"Kunywa, mwanangu. Usije ukachelewa."

"Unanifukuza mimi? Mimi mwanao?"

"Wewe una nyumba, tena ina pazia. Nenda kamlee huyo anayekuja, na yeye ni damu yangu, sitamkana. Huyu Meerim usimwachie kazi ya kunitunza mimi ili wewe ulale usingizi."

Akamgeukia Meerim, akangoja mkewe aseme neno la kumwokoa. Meerim alikuwa amemweka Aidai mapajani, anampakia jamu kwenye mkate. Hakuinua uso. Tilek hakuinywa ile chai. Aliinuka, akaingia ndani, tukasikia zipu ya begi.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ameondoka. Aidai alilia mpaka akalala. Mimi nililia nyuma ya mti, nimejifunika kitambaa, maana nimemzaa na nimemtoa mezani pangu siku hiyo hiyo nilipomwekea malai. Yeyote asemaye moyo wangu ni mgumu aje aushike.

Julai 13

Meerim kaingia ziwani na ile nguo nyekundu. Maji baridi, akapiga yowe, watu wakageuka wakamtazama. Hakuwa anamtazama yeyote. Nami nikaingia na gauni langu, gauni likaelea kunizunguka kama kofia ya uyoga. Tukashikana mikono, tukachuchumaa na kusimama, tukihesabu, Aidai anatucheka kutoka mchangani.

Sikumuuliza atafanya nini. Nilimwambia tu kwamba akitaka kwenda kwao Naryn, aende na mtoto wake, mimi sitashika mtu mkono. Akasema, "Nimesikia, Mama." Basi.

Julai 19

Tumerudi Bishkek. Joto. Zoya anataka habari zote.

Julai 20

Sikulala. Nilimsikia Meerim alfajiri akifungua kabati, akafungua begi, akafunga begi. Sijui alikuwa anatoa nguo au anaweka. Mimi si mtu wa kushuku watu, lakini nilijilaza nimekodoa macho mpaka jua likachomoza, kisha nikaenda kuketi jikoni mahali pangu, na sikuthubutu kumtazama usoni.

Nilitazama mkono wake. Aliinua birika, akamimina.

Nusu bakuli.

Nimeinywa taratibu sana, nikamrudishia bakuli aniongezee.